Kuku wa Kumsindikiza Mgeni

Kuku alikuwa wa Thérèse. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye lilikataliwa na mtu mwenye kalamu, na mwenye kalamu akikataa jambo, hata kuku mwenyewe huanza kufanana na wa mwingine. Alikuwa kuku mwekundu, mtagaji, aliyenunuliwa angali kifaranga kwa mama mmoja wa Kibumba, na mguuni alifungwa kitambaa cha manjano kilichokatwa kwenye pindo la kikwembe cha Thérèse. Ndivyo kuku walivyotiwa alama katika cité, mtaa wa weusi wa Goma. Nyua zilitengwa kwa mawe meusi ya volkano yaliyopangwa hadi magotini tu, kuku waliruka walikotaka, na jioni kila mama alimjua wake kwa kitambaa.

Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na sita, saa nane mchana, mume wake Sikuli alifika mbio kutoka kwa wazungu, tabliye nyeupe ya upishi ingali kiunoni. Thérèse alidhani kuna moto. Haikuwa moto. Wageni wa Bwana Delvigne, mume na mke kutoka Usumbura, walikuwa wanapakia mizigo yao garini baada ya kulala siku mbili, kula mara sita na kutembezwa ufukoni kote, na hakuna aliyewafungia kitu. Sikuli alikuwa amezunguka jikoni akingojea Madame amwite amwambie funga hiki, funga kile. Madame alikuwa anapunga mkono barazani.

"Wanaenda mikono mitupu, Mama Wivine," alisema. "Kutoka nyumba ninayopika mimi."

Thérèse alimwambia kwamba nyumba si yake, wageni si wake, na wazungu wana desturi zao. Sikuli hakusikia. Kwao Lubero alikozaliwa, aliyekupikia ndiye aliyekupokea, na mgeni aliyelala kwako hakuondoka bila kuku wa kumsindikiza. Akiondoka mikono mitupu, hakusema kitu, lakini njia nzima ilijua. Mpishi wa miaka kumi na minne kazini angewezaje kusikia mlango wa gari ukifungwa hivyo?

Thérèse alimwita mpumbavu wa moyo mwema, ambao ni upumbavu usio na dawa. Kisha akamkamata kuku yule mwenyewe. Hilo ndilo lililomchoma baadaye: alimkamata kwa mikono yake, akaongeza mayai sita ndani ya jani la mgomba, akampa mumewe, akasema, "Kimbia, kabla hawajaondoka."

*

Barua ya shukrani ilifika siku ya tisa. Thérèse, aliyekuwa dobi wa nyumba hiyohiyo, alikuwa kwenye kibanda cha nyuma akipiga pasi, naye Bwana Delvigne aliisoma barazani kwa sauti, kama alivyosoma kila kitu, maana hakuwa na kazi nyingine ya kuipa sauti yake. Kwao Ulaya alikuwa karani wa posta. Alikuja Goma na pensheni ndogo, akakodi nyumba yenye bustani inayoshuka hadi ziwani, na tangu siku hiyo alikuwa na wimbo mmoja kwa kila mzungu aliyepita: huko kwetu pesa hizi hazinunui hata makaa ya kuotea moto, hapa nina mpishi, nina dobi, nina mtu wa bustani, mji umetulia, hewa ni ya dawa, na ziwa halina hata mamba. Waliouamini wimbo huo aliwaonyesha viwanja, na kwa kila kiwanja kilichouzwa mwenye viwanja alimpa chochote. Sikuli, aliyejifunza Kifaransa katika jiko la mapadri, alimwigiza usiku nyumbani, na Thérèse alicheka hadi akashika mbavu.

Siku hiyo hakucheka. Barua ilishukuru kwa supu, kwa ziwa, kwa ushauri, na zaidi ya vyote kwa kuku mwekundu aliyefungwa kitambaa cha manjano mguuni kama zawadi ya sikukuu. Mke wangu amekataa achinjwe, aliandika mgeni, anataga kila siku. Watu wanaotoa hivyo ndio tunaotaka kuwa majirani zao. Tutarudi mwezi ukiisha, Jumamosi, kuangalia kiwanja.

"Kuku gani?" akauliza Madame.

Walikwenda wote wawili bandani. Kuku wa Madame walikuwa kumi na wawili. Sasa walikuwa kumi na mmoja. Yule wa kumi na mbili alichukuliwa na kicheche kabla ya Pasaka, na Sikuli alileta manyoya yake mezani siku hiyohiyo, lakini kicheche hakuandika barua. Wakaja jikoni.

"Kuku gani ulipatia wageni?" Bwana Delvigne aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuamuru.

"Kuku yangu, Bwana."

"Yako."

"Ya bibi yangu. Ile ya kitambaa. Kuku za Madame ziko na pete ya chuma muguuni, Bwana anajua."

Bwana Delvigne alicheka. Thérèse, aliyekuwa mlangoni na pasi mkononi, alikikumbuka kicheko kile kuliko maneno yote, kwa sababu hakikuwa cha hasira. Kilikuwa cha mtu aliyesikia kitu kisichowezekana.

"Tangu lini mutu mweusi anapatia muzungu kuku?"

Hapo Sikuli angenyamaza. Angeinamisha kichwa, angesema pardon, angekatwa siku tatu za mshahara, na mambo yangeishia hapo. Lakini alitaka kueleweka. Akasema kwa upole kwamba ilikuwa haya, Bwana, wageni walikuwa wanaenda mikono mitupu, na yeye aliona haya kwa ajili ya nyumba.

Madame alilijua neno "haya". Shingo yake iliiva hadi masikioni. Mwizi angesamehewa, wezi walizungumzwa kila wiki penye chai ya wazungu, na kila nyumba ilikuwa na wake. Lakini mpishi aliyewaonea haya, aliyesimama katika jiko lao akawapima na kuwakuta wamepungua, akatoa kuku wake kufunika aibu yao? Huyo hakuwa na msamaha.

Bwana Delvigne aliomba buku ya kazi, kile kijitabu ambacho kila mfanyakazi alikichukua mfukoni na kila mwajiri aliandika humo neno lake la mwisho. Aliandika mstari mmoja, akaupuliza wino ukauke, akasema kwamba kwa huruma yake hatamwita polisi.

"Wewe, Thérèse, unabaki," akasema Madame bila kumtazama. "Wewe hukufanya mubaya."

Goma nzima hakukuwa na mwingine aliyeweza kunyoosha kifua cha shati kama yeye. Thérèse alitazama mume wake akifungua tabliye, akiikunja mara nne, akiiweka juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto. Akajibu, "Ndiyo, Madame." Akarudi kwenye pasi yake.

*

Mstari ule walisomewa na Donat, karani wa teritware, ofisi ya serikali, aliyesali nao parokia moja. Aliusoma polepole, kisha akashusha sauti kama aliye mbele ya mgonjwa.

"Amefukuzwa kwa wizi wa kuku. Asiaminiwe."

Akawaeleza yaliyobaki. Mtu asiye na kazi hukaa mjini siku kumi na tano. Zikipita, anapanda lori na vyombo vyake kurudi alikotoka. Na kwa mstari ule, hakuna nyumba itakayomfungulia mlango. Thérèse aliuliza habari ya Wivine, binti yao, ambaye alibakiza miezi miwili tu kumaliza shule kwa Masista. Donat alisema lori halisubiri mitihani. Kule Lubero hakukuwa na Masista wala nyumba, na shamba ndugu zake Sikuli walikuwa wameshaligawana.

"Na kufuta?"

"Anayefuta ni yule aliyeandika. Anakata mstari, anaandika mwingine, anatia saini, mimi ninapiga muhuri. Lakini, Mama Wivine, niko hapa miaka saba. Sijaona muzungu anafuta mukono wake."

"Basi utaona mumoja," alisema Thérèse.

Donat alitabasamu kwa huruma. Thérèse aliichukia huruma ile, akaiweka pamoja na kicheko cha Bwana Delvigne, mahali pamoja.

Sikuli alibisha hodi milango sita. Kwenye mitatu ya kwanza walifungua buku, wakasoma, wakamrudishia kwa vidole viwili. Kwenye wa nne Madame wa pale alimwambia angoje, akaingia ndani, na Sikuli akasikia vijiko vikihesabiwa. Wa tano walicheka. Wa sita hawakutoka. Jioni, akipita njia ya cité, watu wasiomjua vizuri waliwika kama jogoo nyuma yake, si kwa ubaya mkubwa, kwa kujifurahisha tu. Sikuli alianza kukaa nyuma ya nyumba, uso umeelekea ukuta. Hakulalamika. Mara moja tu alisema, "Kama ningeiba kweli, ningejua ni kitu gani ninajutia."

Thérèse alikwenda kwanza kuomba kwa njia nzuri. Asije mtu akasema hakuomba. Alisubiri Bwana Delvigne amalize kahawa, akamtandikia mbele yake kikwembe chake cha manjano na kumwonyesha pindo lilipokatwa, upana wa vidole viwili. Barua iliyotaja kitambaa ilikuwa palepale mezani, chini ya kikombe.

Bwana Delvigne alitazama pindo, akatazama barua. Thérèse aliona macho yake yakifika kwenye jambo lenyewe, yakalijua, kisha yakarudi nyuma kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Nimekwisha andika," alisema. "Muzungu hafuti maandishi yake juu ya kuku. Kesho watu wote watakuja kuomba kufutiwa."

Hadi siku hiyo hasira ya Thérèse ilikuwa moto wa nyasi. Tangu hapo ikawa makaa. Kumbe anajua, alijisemea njia nzima ya kurudi nyumbani. Kumbe anajua.

*

Dobi ni mtu wa kuogopwa, ila watu hawajui. Mpishi anajua unachokula, mtunza bustani anajua nani anakutembelea, lakini dobi anajua kilicho kati ya ngozi yako na suti yako. Na kilichokuwa kati ya ngozi ya Bwana Delvigne na suti yake nyeupe kilikuwa viraka juu ya viraka. Mashati yake yalikuwa mazima kifuani tu; migongo yao ilikuwa imetolewa na kujazwa kitambaa cha magunia, maana koti halivuliwi mbele za watu. Gauni la ndani la Madame lilikuwa gunia la unga, na chapa ya kinu, kwa herufi za buluu, ilisomeka vizuri kwa nyuma licha ya sabuni ya miaka miwili. Pensheni ile iliyotosha kila kitu katika wimbo, haikutosha.

Viraka vingi alivishona Thérèse mwenyewe, kwa mkono mwepesi, bila kuulizwa. Hakuwadharau kwa hilo. Nguo zake mwenyewe zilikuwa na viraka. Na tangu siku ya kwanza, bila mtu kumwamuru, alitenga kamba mbili. Ya mbele, kati ya baraza na ziwa, alianika mashuka, vitambaa vya meza na suti. Ya nyuma ya jiko, iliyofichwa na ukuta wa mawe, alianika zile nyingine. Dobi mwema humfunika mwenye nguo. Hiyo ilikuwa heshima yake, kama kuku alivyokuwa heshima ya Sikuli.

Wakati huo neno lilikuwa limeshaanza kutembea. Jirani yake Mukabalisa, yaya wa watoto wa mganga wa kizungu, alilipeleka mahali wanawake walipoteka maji, na kutoka pale likaenda hadi Kanyaruchinya. Mtu hakukatazwa kufanya kazi kwa Bwana Delvigne. Aliambiwa tu habari ya kuku, kisha akaachwa aamue. Mpishi wa kwanza, Habarurema, alipika siku moja, na asubuhi yake akaja kusema amefiwa na shangazi. Wa pili alipika mchana, jioni akafiwa. Wa tatu alifiwa kabla ya kuingia jikoni. Wiki ile wapishi watatu wasiojuana, mmoja Mnande na wawili wa Rutshuru, walifiwa na shangazi mmoja.

"Hii familia ya shangazi ni kubwa sana," Mukabalisa alisema huku akimenya mihogo.

"Na bado hajazikwa," Thérèse akajibu.

*

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ya kumi na moja katika zile kumi na tano, Madame alimwambia Thérèse kwamba kesho wageni wa Usumbura wanakuja kununua kiwanja, na nyumba lazima ing'ae. Alikuwa amejiunguza mkono kwa mafuta, maana sasa alipika mwenyewe, na kitambaa alichojifunga kilikuwa kichafu.

"Fua vyote, Thérèse. Vyote."

"Vyote, Madame?"

"Umesikia."

Thérèse alifika Jumamosi mapema, amevaa kikwembe chake cha manjano kilichokatwa pindo. Akafua vyote. Hakupunguza sabuni, hakuchana kitu, hakuacha doa. Asije mtu akasema kazi yake ilikuwa mbaya. Mashuka akayapeleka nyuma ya jiko. Kisha akasubiri na beseni lake kibandani hadi aliposikia gari, salamu, viti vikisogezwa barazani, na ile sauti aliyoijua ikianza wimbo wake. Hapo akatoka, akashuka bustanini bila haraka, akaanika kwenye kamba ya mbele.

Aliziweka kwa mpango. Kaptura za ndani kwanza, tatu, viraka vikiwa upande wa baraza. Mashati yakafuata, yamegeuzwa mgongo. Katikati, palipo na jua, akatandaza gauni la Madame na kulibana kwenye mabega yote mawili, ili upepo wa ziwa ulijaze vizuri na chapa ya kinu isikunjamane.

"Na tazameni hapa mbele yetu," Bwana Delvigne alikuwa akisema, mkono umenyooka kuelekea ziwani, kichwa kimewageukia wageni. "Kwa pensheni ya karani! Nani kwetu anaweza kuamka kila siku akaona hiki?"

Wageni wakatazama.

Mgeni mwanamume alikuwa na miwani. Aliivua, akaipangusa, akaivaa tena, na midomo yake ikasogea kidogo kama mtu anayesoma jina la kinu. Ndipo Bwana Delvigne akageuka. Mkono wake ulibaki umenyooka, umesahauliwa hewani.

Mgeni aliuliza taratibu, kwa Kifaransa ambacho Thérèse alikielewa nusu na nusu nyingine akaisoma usoni, ni pensheni kiasi gani hasa aliyosema inatosha kuishi hapa vizuri. Bwana Delvigne alitaja kiasi. Sauti yake haikuwa na wimbo tena. Mke wa mgeni, kwa kutaka kuwaokoa, akabadilisha mazungumzo, akauliza, "Na mpishi wenu yuko wapi? Yule aliyenipa kuku?"

"Tulimfukuza," akasema Madame. "Aliiba."

"Aliiba nini?"

Thérèse alikuwa anapita chini ya baraza na beseni tupu kiunoni. Mke wa mgeni alimtazama, macho yakashuka hadi kwenye pindo la kikwembe, hadi pale palipokosekana vidole viwili vya manjano, na yakakaa hapo. Alimwangalia mume wake. Kahawa haikungojwa. Walisema watafikiri juu ya kiwanja, njia ni ndefu, mvua inakuja, ingawa anga lilikuwa jeupe kutoka volkano hadi ziwani. Wakaondoka, na safari hii pia hakuna aliyewafungia kitu.

Madame alimfuata Thérèse kibandani. "Kwa nini?"

"Madame alisema vyote. Na jua iko mbele."

Madame aliinua mkono, ule mzima. Thérèse hakurudi nyuma. Aliutazama tu, kama mtu anayengoja kuona bei ya kitu, na mkono ukashuka wenyewe. Hakukuwa na dobi mwingine.

Jioni Thérèse alianua, akapiga pasi zote, kaptura, migongo ya magunia, gauni, kiraka kwa kiraka, akazipanga juu ya kitanda. Kisha akamwambia Madame kwamba kesho hatakuja wala siku nyingine.

"Kwa nini?"

"Nimefiwa."

"Nani amekufa?"

"Shangazi," alisema Thérèse.

*

Misa ya Jumapili ilipotoka, Bwana Delvigne alikuwa ameshapewa jina. Mukabalisa aliapa si yeye aliyeanza. Aliitwa Bwana Gunia, na jina lilipanda barabara ya Rutshuru na kushuka hadi Sake, kisha likapitia jikoni likafika mezani kwa wazungu wenyewe, ambao hawakulitamka mbele yake lakini walianza kumtazama mgongo. Mzungu aliyewafundisha wenzake jinsi ya kuishi Goma kwa bei ndogo sasa alichota maji mwenyewe ziwani, alfajiri, asionekane. Alionekana.

Thérèse, kwa upande wake, hakulala. Zilibaki siku mbili na buku ilikuwa bado ina mstari uleule. Vyombo vilikuwa vimeanza kufungwa. Sikuli alimwambia, bila ukali, kwamba amemlipa mtu yule vya kutosha, na malipo hayo hayajafuta hata nukta moja.

"Atakuja," alisema Thérèse.

Alikuja siku ya kumi na nne, saa kumi jioni, kwa miguu, suti nyeupe haijanyooshwa. Njia nzima ya cité ilitoka kusimama kwenye mawe ya nyua zao. Sikuli aliinuka, akaleta kiti kimoja walichokuwa nacho, akakipangusa kwa mkono wake. Bwana Delvigne alikaa. Alisema amefikiri. Madame anaumwa mkono. Sikuli anaweza kurudi kesho saa kumi na mbili, na kila Jumamosi ataongezewa posho ya unga. Thérèse pia arudi. Mambo ya zamani yamekwisha.

Sikuli, mtu wa Mungu, alikuwa tayari ameanza kutikisa kichwa kukubali.

"Buku kwanza," alisema Thérèse.

"Nitaandika kesho, nyumbani."

"Hapa, Bwana. Kalamu iko."

Wivine alileta kalamu na wino wake wa shule, akaweka juu ya kinu cha kutwangia kilichopinduliwa. Bwana Delvigne aliangalia watu waliosimama ukutani, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mtu wa kumwamuru awafukuze. Kisha akainama. Kwa kuwa kinu kilikuwa kifupi, ilimbidi apige goti moja kwenye vumbi jeusi. Akakata mstari. Akaandika. Akatia saini, na kwa mazoea ya posta akapuliza wino ukauke.

"Soma, mutoto wangu," Thérèse alimwambia Wivine. "Kifaransa, halafu Kiswahili. Watu wa nyuma wasikie."

Wivine alisoma kwa sauti ya darasani, wazi na isiyo na huruma: "Kuku alikuwa wake mwenyewe. Nilikosea. Ni mpishi mwaminifu."

Hakuna aliyewika. Mukabalisa peke yake alisema "Ee" ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi, kesho saa kumi na mbili," alisema Bwana Delvigne, akijipangusa goti.

"Kesho saa kumi na mbili Sikuli ataingia kazi kwa muganga wa kizungu," alisema Thérèse. "Anakosa mupishi tangu mwezi uliopita. Mukabalisa amemwambia tunangojea buku tu."

Uso wa mzungu ulifanya kazi kubwa kuelewa jambo dogo. Aliutazama mkono wa Wivine, lakini buku haikuwa tena mkononi mwa Wivine. Ilikuwa imeshapita ukuta wa mawe, iko kwa Donat, aliyesimama nje pamoja na watu, naye Donat alikuwa ameifunga katikati ya karatasi za teritware akiitazama kama mtu aliyeokota nyota.

Bwana Delvigne aligeuka kuondoka.

"Ngoja kwanza," alisema Thérèse. "Mugeni wetu haendi mikono mitupu."

Alizunguka nyuma ya nyumba. Kuku aliyebaki alikuwa mmoja, mweupe, asiye mtagaji mzuri. Alimkamata kwa mkupuo mmoja. Mbele ya wote akachana pindo la kikwembe chake, vidole viwili vingine vya manjano, akamfunga mguuni fundo la kukaza, akamtia kuku kwapani mwa Bwana Delvigne, kwenye suti nyeupe, na kuushika mkono wake juu yake hadi vidole vikakubali kushika.

"Bwana aliuliza tangu lini," alimwambia.

Sikuli alisimama, amefurahi kweli. Kwa siku kumi na nne alikuwa ameogopa kwamba hasira imemsahaulisha mke wake adabu. Alimsindikiza mgeni hadi mwisho wa ua, akamtakia safari njema, na watu wa cité wakasogea kupisha njia, wanaume wamevua kofia.

Mzungu alitembea. Hakuwa na wa kumbebea. Kabla hajafika kwenye kona, kuku alitapatapa, akakunya, na doa refu la kijani likashuka kwenye koti kutoka kwapani hadi mfukoni. Thérèse alilitazama kwa jicho la dobi. Doa la namna ile linataka maji ya baridi kwanza, kabla halijakauka, kisha majivu, sabuni ndiyo ya mwisho. Ukianza na maji ya moto linaganda, halitoki tena maishani.

Mzungu alikuwa bado karibu, angemsikia kama angemwambia. Thérèse akaingia ndani kufungua vyombo.